Tulivyolipa kadi ya duka la Bungu: elfu themanini na nne na mia sita, ada ya shule, na alama ya vema

Wakuu wa jukwaa hili, hamjambo. Mkinisalimia shikamoo mmoja mmoja nitachoka kuitikia, kwa hiyo marahaba yenu wote kwa mkupuo.

Nimesoma uzi wa yule kijana mwenye kadi mbili za benki, anadaiwa huku na huku, na ada za watoto zinamsubiri. Wengi mmemcheka. Mie sikumcheka. Mie nilikuwa na kadi ya mkopo kabla baadhi yenu hamjazaliwa, na sikuipata benki. Niliipata Bungu, barabarani.

Ninayoandika yalinikuta mwenyewe. Shule yangu ni ya kisomo cha watu wazima tu, mkiona herufi imepotea iokoteni. Majina ya watu nitayataja, mie jina la mtu halinitoki kichwani.

Naanza.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Wenye umri wangu wanajua. Kabla yake ukitaka sabuni unapanga foleni na kibali. Halafu ghafla maduka yakajaa. Sukari ipo, mafuta yapo, kanga zimekunjwa mpaka darini. Tatizo likawa jingine: vitu vipo, fedha hamna.

Bungu pale akaja mfanyabiashara anaitwa Elibariki, na mkewe Nakiete. Watu wote walimwita Mangi. Yeye alikuwa anakataa, "Mimi Mpare jamani, siyo Mchaga." Watu wanamjibu, "Sawa Mangi."

Elibariki ndiye aliyeleta kadi. Karatasi ngumu ya rangi ya maziwa, imepigwa mistari. Jina lako juu. Unachukua kitu, anaandika kitu na bei. Unalipa kila mwezi ukipata, mwaka ukiisha mnapiga hesabu. Na kila kitu kina bei mbili. Kilo ya sukari kwa taslimu shilingi mia mbili na hamsini, kwa kadi mia tatu. Hakuita riba. Aliita bei ya kadi, na watu wa dini walinyamaza kwa sababu ya jina hilo.

Lakini kadi haitolewi bure. Lazima uweke kitu. Mie niliweka mikorosho ya mama yangu.

Hapa niwaeleze wale wa mjini. Kwetu mti una mwenyewe mbali na ardhi. Shamba linaweza kuwa la kaka yako, mti ukawa wako. Mama yangu, Bi Mtumwa, aliniachia mikorosho kumi na miwili. Hakuniachia kingine, hata sufuria waligawana wengine. Makubaliano ya kadi yakawa hivi: mwaka ukiisha deni halijaisha, Elibariki anaichukua mikorosho yote kumi na miwili misimu mitatu, anaokota yeye, anauza yeye. Nikaweka dole gumba. Jina langu kuandika nilikuwa najua, Sikudhani, lakini yeye alitaka dole.

Na wote tulijua mti ukikaa kwa mtu misimu mitatu, kuurudisha ni kesi.

Mume wangu, Athumani, wakati huo alikuwa anakata boriti za mikoko huko deltani, upande wa Salale. Anakaa mwezi mzima, mwisho wa mwezi anarudi kupitia Nyamisati mpaka Bungu, kisha nyumbani kwa miguu, mwendo wa saa moja. Mie nipo nyumbani na mama mkwe, Bi Kibibi, mwenye pumu, na binti yetu Tatu aliyekuwa darasa la saba. Nalima, nasuka mikeka.

Sasa utaratibu wa kadi. Sikilizeni vizuri, maana yote yamelala hapa.

Mwisho wa mwezi Elibariki anakusanya kadi za watu wote, anahamishia kwenye daftari lake kubwa. Mie ndiye niliyekuwa napeleka kadi, siku ninayopeleka mikeka Bungu kwa mnunuzi. Naiacha dukani, narudi zangu. Baada ya siku mbili tatu Athumani anatoka deltani, anapita dukani, anapewa kadi, anakuja nayo nyumbani.

Mwezi wa kwanza kadi iliporudi, nikaifungua. Kila mstari una vema.

Wakuu, mie vema niliisoma kwa Mwalimu Anastazia, kwenye kisomo. Tulikuwa wanne: mie, Mwanahawa jirani yangu, Zainabu wa kwa Mpondi, na Fatu, Mungu amrehemu. Mwalimu akikuwekea vema maana yake umepata, limekwisha hilo, kunja daftari nenda kapike. Akikuwekea mkasi, kesho unarudia. Athumani naye alisoma kisomo hichohicho, zamu ya wanaume, mwalimu huyohuyo.

Nikaona vema kila mstari. Nikasema kimoyomoyo, kumbe huyu mume kapita dukani kalipa yote.

Sikumwuliza. Kwetu enzi zile mke hamwulizi mume fedha ya kazini kwake imepita wapi. Na mume hamwulizi mke fedha ya mikeka, hiyo ni ya mwanamke. Kumwuliza ni kumwambia humwamini. Nikanyamaza, nikamchinjia kuku.

Yeye naye alipopewa kadi dukani aliiona ile vema. Akajua mimi ndiye niliyepeleka kadi, na nilitoka nyumbani na mikeka. Akasema moyoni, kumbe mke wangu kalipa kwa fedha ya mikeka. Akaona aibu kidogo, akanyamaza. Kula kuku akala.

Mwezi wa pili alikuja na doti ya kanga. "Hii yako, mama Tatu." Hakusema zaidi. Sikuuliza. Mie nikaona, mtu analipa deni lote na bado ananivisha! Nikaenda dukani nikamchukulia kanzu.

Kwa kadi.

Na ile kanga nayo aliichukua kwa kadi, siku ileile aliyopewa kadi mkononi na Elibariki. Niliiona kwenye mstari. Ilipokuja na vema mwezi uliofuata nikasema ameshailipa.

Tukaenda hivyo mwaka mzima. Mwezi akileta kanga, mwezi mie najibu kwa birika la chai, kwa shuka. Nikachukua godoro, maana alilalamika mgongo wa kubeba boriti. Yeye akachukua mabati kumi, akaezeka upande wa chumba chetu kwa mkono wake, akasema, "Usivujiwe tena." Chumvi, mchele wa Bi Kibibi ambaye ugali ulimshinda, dawa zake, mafuta ya taa, vyote kadi. Vema, vema, vema.

Majirani wakaona. Mwanahawa akaniambia kisimani, "Wewe Sikudhani, mumeo umempa nini? Wa kwangu hata leso hajaninunulia tangu tuoane." Nikacheka. Nikajisikia.

Msimu wa korosho ulipofika tuliuza. Wakati huo walanguzi wameanza kuja na mizani yao na fedha mkononi, siyo kama zamani unapewa karatasi ya ushirika unasubiri. Tulipata elfu thelathini na sita. Zingeweza kupunguza deni karibu nusu. Lakini deni gani? Kadi si imejaa vema? Tatu alichaguliwa kidato cha kwanza Utete, fedha yote ikaenda kwake: ada, sanduku la bati, sare, nauli. Tukamsindikiza kama bibi harusi.

Mwezi wa Juni, mwaka wa kadi umetimia, Elibariki akaja nyumbani mwenyewe kwa baiskeli. Asubuhi. Athumani alikuwepo, kapumzika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Nakiete hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja kuiona mikorosho."

"Ina nini mikorosho?"

"Mwaka umeisha mama. Nikaona kabla maua hayajatoka nijue mipaka, mti upi wako na upi wa kaka yako."

Nikadhani mzaha wa Mangi. Nikaingia ndani nikatoka na kadi. Nikamwonesha. "Baba, soma hapa. Vema. Hapa vema. Hapa vema. Unataka mti gani tena?"

Akaitazama kadi. Akanitazama mie. "Ndiyo mama. Vema maana yake nimeshaandika kwenye daftari."

"Umeandika nini?"

"Deni."

Athumani alikuwa anakunywa uji. Akaweka bakuli chini taratibu. Akanitazama. Nikamtazama.

"Wewe hukulipa?" akaniuliza.

"Mie? Si wewe uliyekuwa unalipa?"

"Nilipe na nini? Boriti mia moja zinanipa nini mpaka nilipe mabati?"

"Sasa mabati uliyachukua ya nini?"

"Si nilijua unalipa wewe! Nilikuwa nakushukuru!"

Elibariki alianza kucheka, kisha akaona nyuso zetu akaacha. Akatoa daftari. Elfu themanini na nne na mia sita.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akasema, "Haya. Kumbe kanzu ile niliyoisifu na mchele ninaokula, vyote deni?" Akarudi ndani.

Habari haikulala. Jioni Mwanahawa kaja na kikombe, anajidai anaomba chumvi. "Sikudhani, jina walikupa wazazi kwa kujua." Mpaka leo kijijini kwetu mtu akikuahidi kitu ukakiona hewa, utasikia, "Hiyo vema ya Mangi hiyo." Vijana wanasema hivyo na hawajui ilitoka wapi. Ilitoka kwangu.

Sasa nije kwenye kulipa, maana uzi wa yule kijana ulikuwa unauliza hilo.

Elibariki hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na karatasi yenye dole langu, na kwa karatasi ile mikorosho ya mama ilikuwa yake misimu mitatu. Mie nikamwambia Elibariki, "Twende tukaione."

Tukaenda mti kwa mti. Mama aliipa majina. Mrefu. Wa Kichuguu. Mkwe. Wa Nyuki. Kila mti nikamwambia unatoa debe ngapi. Halafu nikamwuliza, "Baba, palizi utaleta watu wangapi?"

"Palizi gani?"

"Korosho haichumwi, inaanguka inaokotwa. Chini pasipolimwa pakawa peupe huioni. Miti kumi na miwili, palizi mara mbili. Na salfa je? Maua yakitoka bila kupuliziwa salfa yanakauka yote. Serikali ilikuwa inatoa bei nafuu, siku hizi unanunua mwenyewe. Na wa kulinda? Njia ile pale, watu wanapita wanataka mabibo ya kuchachusha pombe."

Akakaa juu ya kichuguu akapiga hesabu kwenye kiganja. Alikuwa mtu wa duka, hajawahi kuinama chini ya mkorosho.

"Mama, unasemaje wewe?"

Nikamwambia hivi. Miti minne, misimu miwili, unaokota wewe. Tuihesabu elfu ishirini na nne. Elfu sitini na mia sita inayobaki tutakuletea elfu tatu kila mwezi. Miti minane niachie, hiyo inasomesha mtoto. Tukikosa miezi miwili mfululizo, chukua yote.

Akakubali. Safari hii tuliandika jina, sikuweka dole.

Miti minne niliichagua mie. Nilimpa ile ya kando ya njia. Inapendeza kuitazama, kuilinda ni kazi. Watoto na walevi walikula naye nusu kwa nusu. Sikumdanganya, njia aliiona kwa macho yake. Lakini sitasema nilimpa mizuri.

Baada ya hapo tukakaa chini sie wawili, mara ya kwanza katika ndoa ya miaka kumi na sita, nikamwuliza, "Unapata kiasi gani huko?" Akaniambia. Akaniuliza, "Mkeka unauza ngapi?" Nikamwambia. Nilikuwa najua zaidi mshahara wa diwani kuliko wa mume wangu.

Bajeti yetu ilikuwa hivi. Mkeka mkubwa mmoja, wiki tatu za kusuka, elfu moja na mia mbili. Huo ni wa deni kila mwezi. Athumani anaongeza elfu moja na mia nane. Kinachobaki kwake ni chakula na dawa ya Bi Kibibi. Mikorosho minane ni ya Tatu tu, haiguswi hata mtu akiumwa. Sukari tuliacha, tukanywa chai ya mchaichai na chumvi kidogo. Godoro nililiuza kwa Zainabu, tukarudi kulala kwenye kitanda cha kamba. Mabati Athumani alitaka kuyang'oa, Bi Kibibi akamkataza: "Mvua nayo utailipa?" Yakabaki.

Kuna mwezi pumu ilimzidi mama mkwe, tukampeleka hospitali, elfu tatu ya deni ikaondoka. Mwezi uliofuata tukapungukiwa mia saba, juu ya ile elfu tatu ya nyuma. Miezi miwili mfululizo, mnakumbuka mkataba. Nilichukua zile kanga tatu alizoninunulia, mbili sijazivaa hata mara moja, nikaziuza kwa Mwanahawa. Mwanahawa, aliyekuwa akinionea wivu kisimani. Alinilipa taslimu na hakunitania hata neno. Nilimheshimu tangu siku ile.

Elibariki alipokea miezi miwili kwa pamoja, akaandika. Nikamwambia aniandikie kwa maneno, siyo alama. Akaandika: AMELIPA. Nikaisoma herufi kwa herufi mbele yake.

Tulimaliza kwa miezi ishirini na mmoja. Ile mia sita ya mwisho tulikwenda kuilipa pamoja, mie na Athumani. Elibariki alichana karatasi ya mikorosho mbele yetu. Msimu wa pili wa ile miti minne ulikuwa umekwisha, na siku hiyohiyo nilipita njiani nikashika kila mmoja. Magome yamechubuliwa na wapita njia, lakini ilikuwa hai. Ipo mpaka leo, Tatu ndiye anayeokota. Ni mwalimu sasa.

Ningeweza kuishia hapa mkanipongeza. Lakini niliwaambia nasema yaliyonikuta, na hili nalo lilinikuta.

Tukitoka dukani siku ile Athumani alisimama mbele ya zile kanga zilizoning'inizwa. Akasema, "Mama Tatu, nataka nikuchukulie doti moja. Deni limekwisha."

Nikamwuliza, "Kwa fedha gani?"

Sikuwa na ubaya. Miezi ishirini na mmoja nilikuwa nauliza hivyo kila siku na yeye ananiuliza. Akanijibu vizuri tu. Akanihesabia alichonacho, mia ngapi za nauli ya Nyamisati, ngapi za shoka jipya, ngapi za mama. Tukaona haitoshi. Tukaenda nyumbani.

Tuliishi pamoja miaka kumi na tisa zaidi, mpaka alipotangulia mbele ya haki. Hatukudaiwa tena na mtu. Kila senti yake niliijua na yangu aliijua. Kanga nilijinunulia mwenyewe, baada ya kumwambia bei. Hakunishtukiza tena kwa kitu, na mie sikumshtukiza.

Kwa hiyo yule kijana wa kadi mbili, ushauri wangu: kaa na mkeo, toeni karatasi zote, ulizaneni kila kitu, na muandike kwa maneno. Hakuna njia nyingine ya kumaliza deni huku watoto wanakula na kusoma. Nimeijaribu, inafanya kazi.

Lakini mkishamaliza, tengeni fungu dogo, hata la elfu kumi, ambalo mmekubaliana hakuna kuulizana. Sie hatukulitenga. Hatukujua kama linahitajika.

Wenye kadi, za benki au za duka, leteni yenu hapa chini. Na nyie wanandoa: mwenzako anajua unadaiwa kiasi gani? Jibuni kweli, mie nitasoma zote, ila polepole.